Mifumo ya hospitali imetosha jamani, tuandike moduli!

Najua nimekuwa kimya. Testi tatu ndani ya wiki moja siyo mchezo, mtu unalala unaota maswali. Leo sina umbea wa kafteria wala habari za bumu limetoka au halijatoka. Leo nimekuja na hasira kidogo, kwa hiyo mwenye roho nyepesi akanywe maji kwanza.

Wiki hii kaka na dada zetu wa mwaka wa mwisho walikuwa wanaprezenti projekti zao. Nilikaa viti vya nyuma asubuhi mpaka jioni, nikawa nahesabu. Mifumo ya kusimamia hospitali: minne. Mifumo ya maktaba: miwili. Mfumo wa mahudhurio ya wanafunzi: mmoja, na mwaka jana ulikuwepo mwingine wenye jina hilo hilo. Ile minne ya hospitali yote ina ukurasa wa logini wenye picha ya daktari mzungu anayecheka. Yote ina fomu ya kusajili mgonjwa. Yote ina vitufe vitatu: Ongeza, Hariri, Futa. FUTA! Yaani karani akikosea kubonyeza, mgonjwa wa presha wa miaka sita anapotea kama hajawahi kuzaliwa. Na watu wakapiga makofi.

Sisemi hawa watu hawana akili. Wanazo, tena nyingi. Kundi moja lilikuwa na wazo zuri kabisa: mfumo unamtafuta mama aliyekosa kurudi kliniki kwa tarehe yake na kumtolea nesi orodha ya kupiga simu. Wazo lile lilichukua slaidi MOJA kati ya thelathini. Slaidi nyingine zote zilikuwa logini, usajili, nenosiri, ripoti ya PDF. Miezi yote ile ya msuli, kile kitu kimoja kipya walichokuwa nacho kikapewa siku chache za mwisho, na siku ya kuonyesha kikagoma.

Sasa hoja yangu ni hii. Sisi wa kompyuta tuache kujenga mifumo mizima kutoka sifuri kila mwaka. Tuchukue programu huria ambayo tayari inafanya kazi kwenye hospitali za kweli, tutafute inachokosa, tuandike hicho kipande kimoja, tukipeleke kwenye ghala la pamoja la kodi, na TUKAE NACHO. (Wale wa sheria na biashara mnaopita hapa: kodi ninayosema ni ile maandishi ya programu, siyo ya TRA. TRA tuwaache na mambo yao, hehe.)

Kwa wasio wa fani, moduli ni nini? Fikiria trekta. Trekta lenyewe lina injini, magurudumu na usukani. Ukitaka kulima unafunga jembe, ukitaka kupanda unafunga mashine ya kupandia, ukitaka kubeba magunia unafunga trela. Moduli ndiyo hilo jembe au hilo trela. Sasa ukihitaji mashine ya kupandia, utaanza kwa kutengeneza trekta? Ndicho tunachofanya hapa kila mwaka. Tunatengeneza trekta la nne, lenye injini mbovu kuliko yale matatu ya kwanza, halafu mashine ya kupandia hatuifiki.

Na trekta lipo. Tena halikutoka mbali. Kijijini Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, mwaka 2001 kituo cha afya kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Ulikuwa mdogo, umekaa juu ya Microsoft Access. Mwaka 2004, programu ya AMPATH ya kutibu watu wenye VVU ilipokuwa inapanuka, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walikwenda Eldoret wakaona ule mfumo hautabeba mzigo unaokuja. Badala ya kuupiga viraka, wakaanza kitu kipya ambacho kila nchi ingeweza kukitumia na kukiongezea. Ndiyo OpenMRS. Mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret, na mwaka huo huo Partners In Health wakaiwasha Rwinkwavu, Rwanda. Leo Kenya wana KenyaEMR na Uganda wana UgandaEMR, zote zimejengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo, kila nchi ikiwa na moduli zake juu ya shina moja. Rwanda nao wameisambaza sana.

Angalia wale watu walivyopanga. Shina la OpenMRS limeachwa liwe dogo makusudi. Linajua mgonjwa ni nani, alikuja lini, alionwa na nani, alikutwa na nini. Kila kilichopimwa au kuulizwa kinaandikwa kama safu moja: mgonjwa huyu, jambo hili, jibu hili, tarehe hii. Majina ya mambo yenyewe, kama uzito, presha au dawa aliyopewa, yanakaa kwenye kamusi ya dhana. Ukitaka kuanza kuuliza swali jipya unaongeza dhana kwenye kamusi, huongezi safuwima kwenye jedwali wala hubomoi kitu. Na kufuta rekodi? Kwenye kazi ya kila siku hakuna kufuta! Rekodi iliyokosewa inawekewa alama kuwa ni batili, pamoja na jina la aliyeibatilisha, saa na sababu. Hayo yote yalifikiriwa na watu waliokaa na manesi miaka mingi. Sisi tunataka kuyafikiria upya ndani ya semista mbili, tukiwa na sup ya hesabu mgongoni?

Moduli yako inakuja kama faili moja lenye mwisho wa .omod. Ndani yake kuna faili la config.xml linalosema moduli inaitwaje, toleo lake namba ngapi, inahitaji OpenMRS toleo gani na inategemea moduli zipi nyingine. Kama unahitaji majedwali yako mwenyewe, unayaeleza kwenye liquibase.xml na mfumo unayatengeneza wenyewe unapowaka. Kilichobaki ni Java yako. Msimamizi wa seva anaipandisha, inaanza kazi. Hapendi? Anaizima, shina linaendelea. Lile wazo la mama aliyekosa kliniki lilikuwa moduli tosha! Usajili upo tayari, tarehe ya kurudi ipo tayari, ulinzi wa nenosiri upo tayari. Kundi la watu wanne lingetumia miezi yote kwenye kitu kile kimoja: nani amekosa, kwa siku ngapi, nani apigiwe kwanza, na afanyweje asiye na simu. Hapo ndipo akili yao ilipokuwa inatakiwa.

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira, maana msije mkadhani ni mambo ya usafi wa kodi tu.

Kuna kundi la miaka michache nyuma lilijenga mfumo wa zahanati. Siitaji zahanati wala watu. Walifanya jambo jema, waliupeleka kweli, wakawafundisha manesi wawili. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akawa anaandika kwenye rejesta mchana halafu jioni anabaki kuingiza kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja, kwa sababu vijana walimwambia rejesta itakwisha kazi. Miezi miwili. Vijana wakagraduate, mmoja akaenda Mwanza, mmoja akapata kazi benki, wengine mtaani. Siku mfumo ulipogoma kuwaka hakukuwa na mtu duniani aliyewahi kuisoma ile kodi zaidi ya wao, na nakala ya mwisho ilikuwa kwenye laptopu iliyokwishauzwa. Yule mama akarudi kwenye rejesta. Nilimsikia mwenyewe tulipokwenda pale kwa mazoezi ya vitendo. Kijana mwenzetu alipoanza kumweleza habari za mfumo mpya akamkatiza taratibu tu: "Mwanangu, wenzako walishakuja." Basi.

Hayo maneno matatu yamenikaa kooni mpaka leo. Kila mfumo tunaouacha ufe unamnyima yule mama imani, na anayelipa ni kundi linalofuata, na mgonjwa aliyeko nyuma yake. Kama ile kazi ingekuwa moduli juu ya kitu kinachotumika Kenya, Uganda na Rwanda, siku ilipogoma kungekuwa na watu wengi wa kuuliza, na kodi ingekuwa ghalani, siyo kwenye laptopu iliyouzwa Kariakoo.

Nimeshabishana na watu hapa hosteli kuhusu jambo hili mpaka usiku wa manane. Acha nijibu hoja zao moja moja.

"WATATUIBIA WAZO." Hii ndiyo inanichekesha kuliko zote. Oya mwanangu, wazo la kusajili wagonjwa nani akuibie? Halafu, ghala la git linaandika jina lako, tarehe na saa kwenye kila badiliko. Mtu wa Kampala au Bangalore anaweza kuona leo kwamba mstari huu uliandikwa na fulani wa Tanzania. Projekti iliyofungwa jalada gumu kabatini inamlinda nani? Hiyo ndiyo inayoibwa, kila mwaka, na wadogo zetu wanaodesa ripoti nzima na kubadilisha jina la hospitali. Tunajuana bwana. Na OpenMRS ina leseni, Mozilla Public License 2.0 yenye nyongeza ya tahadhari kuhusu matumizi ya tiba. Leseni inasema mtu afanye nini na asifanye nini na kodi. Mfumo wako wa kabatini una leseni gani? Tuseme ukweli, wengi hatujawahi hata kujiuliza.

"SUPAVAIZA ANATAKA MFUMO MZIMA." Hii ina ukweli ndani yake, na hapa nawaambia walimu wetu kwa heshima zote. Shikamooni. Mnapompa maksi mtu kwa sababu ana skrini nyingi, mnamfundisha kuchora skrini. Moduli iliyopita mikononi mwa wakaguzi wasiomjua mwanafunzi, wasiojua GPA yake wala baba yake, ni mtihani mkali kuliko dakika kumi na tano za prezentesheni. Mkaguzi anauliza: mbona hakuna majaribio ya kodi hapa? Mbona unasoma wagonjwa wote kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati unahitaji ishirini? Mwanafunzi anajibu, anarekebisha, anarudisha. Mazungumzo yote yamebaki ghalani na tarehe zake. Mnataka ushahidi gani mwingine kwamba kijana kaifanya kazi mwenyewe?

"KIINGEREZA CHETU, HALAFU WANAKOSOA HADHARANI." Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Tumezoea kuonyesha kitu kikiwa kimeisha na kimepigwa pasi. Kukosolewa mbele za watu tunaona ni kuvuliwa nguo. Lakini kule kukosolewa ni kazi ya kila siku, hata wakongwe wanaambiwa badilisha hapa, futa hapa. Na Kiingereza chenyewe siyo cha Shakespeare. Ni "hitilafu inatokea hapa, nimerekebisha hivi, jaribio liko hapa". Sentensi tatu. Mtu aliyeandika ripoti ya kurasa 80 anashindwaje sentensi tatu? Tena mle ndani kumejaa Waganda, Wakenya, Wanyarwanda, Wakameruni. Moduli ya XForms, iliyosaidia sana mambo ya kujaza fomu kwenye OpenMRS, iliandikwa na Mganda. Majirani hao hao tunaotaniana nao kwenye mpira.

"NALIPWA NINI?" Mwaka wa mwisho unalipwa nini kwa sasa? Afadhali hii. OpenMRS imekuwa ikishiriki Google Summer of Code tangu 2007, na kule mwanafunzi anayechukuliwa anapata fedha kwa kazi ya miezi michache. Sikuahidi kwamba utachukuliwa. Nasema tu kwamba anayeomba huku tayari ana mabadiliko matano yaliyokubaliwa ghalani hayuko sawa na anayeomba na cheti kitupu. Na mwajiri akikuuliza umefanya nini, unampa anwani, anasoma mwenyewe.

"BANDO NA MASHINE." Hii siibezi. Kushusha vitu vyote vya kujengea mara ya kwanza kunakula bando la wiki, na laptopu ya RAM ndogo inalia. Dawa yake ni ya pamoja: mmoja ashushe usiku pale intaneti ya chuo ikiwa nyepesi, wengine tunakili kwa fleshi. Tunavyonakili muvi! Msezoni mzima unazunguka bweni zima kwa siku mbili, leo ghala la kodi ndiyo litushinde?

Sasa msishangilie bado, maana nina ugomvi na upande wa pili pia. Wako wachache hapa chuoni wameshaamka, wameanza kupeleka vitu, na wanapeleka vibaya. Mtu anaandika moduli mpya kwa wiki mbili, anaitupa GitHub, anapiga picha skrini anaweka stetasi "nimechangia programu huria", halafu hajarudi tena. Siku hizi ndiyo imezidi. ChatGPT inakutapikia moduli nzima kabla chai haijapoa, mtu anaipeleka bila kuisoma, mkaguzi anapoteza jioni yake kutafuta kosa ambalo mwenye moduli mwenyewe hawezi kulieleza.

Moduli mpya ni ahadi. Ukiileta umesema: toleo jipya la shina likitoka nitairekebisha, mtu akileta tiketi nitajibu, na nikishindwa nitamkabidhi mtu ninayemjua. Usipotimiza hayo umewaletea wenzako mzigo na umeuita zawadi.

Wakubwa wanalijua hili na hawana huruma. Linux, tangu 2008, ina chumba cha pembeni kinaitwa staging, mahali ambapo viendeshi vya vifaa visivyo safi vinaruhusiwa kukaa vikisafishwa. Kila kimoja kina orodha ya mambo ya kurekebisha. Kisiposafishwa, kinatupwa nje. Viendeshi vya Android viliwekwa mle, wenye kazi hawakuendelea kuvishughulikia, na toleo la 2.6.33 la mwaka 2010 likatoka bila wao. Tunaongelea kodi ya GOOGLE hapa, siyo ya mtoto wa mwaka wa tatu! Vikarudi 2012 kwenye toleo la 3.3 baada ya watu kukubali kukaa na kuvifanyia kazi. Hakuna ukubwa wa jina mle. Kuna nani anabaki na nani anaondoka.

Na mwenye moduli akiondoka ovyo, angalia kinachotokea. Machi 2016 mtu mmoja aligombana na wenye npm, ghala la vipande vya JavaScript, akaondoa vipande vyake vyote. Kimoja kinaitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Makampuni dunia nzima yakashindwa kujenga programu zao mpaka kikarudishwa. Mwaka 2018, mwenye event-stream, aliyekuwa amechoka na haitumii tena, alimkabidhi mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia. Yule mtu akaingiza kodi ya kuiba bitcoin kwenye pochi za Copay. Na 2024 ikawa xz: mtu aliyejiita Jia Tan alijenga uaminifu zaidi ya miaka miwili kwa kumsaidia mwenye mradi aliyeelemewa, halafu akapachika mlango wa siri. Uligunduliwa kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva kumechelewa kama nusu sekunde akaamua kuchimba. Nusu sekunde wadau!

Sasa weka rekodi za wagonjwa wa VVU mahali pa bitcoin. Ndiyo maana nasema tukae na vitu vyetu, na tumjue tunayemkabidhi.

Kwa hiyo kabla hujaandika moduli mpya jiulize mambo matatu. Kwanza, ipo tayari? OpenMRS wana orodha ya nyongeza zao, itafute mpaka uchoke, na ukikuta inayokaribiana na yako ongeza kwenye hiyo. Moduli mbili zinazofanya kazi moja ni ule ugonjwa wetu wa mifumo minne, umehamia tu nyumba nyingine. Pili, nesi gani ameiomba? Kama jibu ni "hakuna, ila itapendeza", achana nayo. Tatu, nani ataishika siku nikipata kazi? Kama huna jibu la tatu, anza na tiketi ndogo za moduli za wenzako, zipo nyingi na nyingine zimewekwa kwa ajili ya wageni. Na tafadhali, tafadhali, majaribio yafanywe kwa data za mfano. Atakayepandisha majina ya wagonjwa wa kweli GitHub asinitaje kama rafiki yake.

Wapo watakaosema haya ni ya nje, sisi hatuwezi. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice inayoongea Kiswahili. Hawakukaa kuandika programu ya kuchapia barua kutoka sifuri. Walichukua iliyopo, wakaiongezea kile ambacho sisi tu tungeweza kuiongezea. Walikuwa na intaneti mbovu kuliko hii tunayoilalamikia leo.

Ninachodai ni vitu vitatu, na naomba tuvibebe mpaka kwenye kikao cha wanafunzi na idara. Moja: pendekezo la projekti lisipokelewe mpaka kundi lionyeshe limetafuta ghala gani na limekosa nini. Mbili: sehemu ya maksi itoke kwenye mazungumzo ya ukaguzi, hata kama moduli haijakubaliwa bado, maana kukubaliwa kuna foleni yake. Tatu: kila moduli iwe na warithi wawili wa mwaka wa pili, wanaoingia kazini miezi sita kabla wenye nayo hawajavaa majoho. Warithi wapewe funguo za ghala, na waweze kuijenga na kuiwasha mbele ya supavaiza bila msaada. Wakishindwa, projekti haijaisha.

Najua ya tatu itapigwa vita kuliko zote. Watu wanapenda kugraduate na kuondoka. Ila hiyo ya tatu ndiyo ingemwokoa yule nesi. Ningeambiwa nichague moja niache mbili, ningeshika hiyo.

Idara ichelewe au iwahi, sisi hatuna haja ya kusubiri kikao. Mimi na wenzangu wawili tumechukua tiketi moja ndogo, ya kurekebisha ujumbe wa kosa usioeleweka. Tumeshakosolewa mara mbili na hakuna aliyekufa. Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa maabara ya chini. Vitu vyote vya kujengea tumeshavishusha, njoo na laptopu na fleshi ya GB 16. Mwaka wa kwanza mnakaribishwa pia, tena ninyi ndiyo warithi wenyewe.

Naomba kuwasilisha. Ngoja nikimbie lekcha ya saa nane, dokta akifunga mlango hafungui.